Laiti Mnara wa Mlimani Ungekosea

Ofisini walimwita Makisio, jina ambalo hakulipenda wala hakulikataa. Ukimuuliza saa, atakwambia ni kama saa nne hivi, zidisha au punguza kidogo. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, atataka kwanza kujua wewe ulikuwa unafikiri nini kabla hujachungulia dirishani. Watu wa namna hiyo wanachosha, tuseme ukweli, na wenzake walimchoka na kumpenda kwa mpigo mmoja. Ila kazi aliyokuwa akiifanya haikutaka mtu wa namna nyingine.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Wakubwa hutaka kujua nchi inatoa kiasi gani cha zile gesi zinazoipasha dunia joto: hewa ukaa ya magari na viwanda, na methani ya madampo, vinamasi na matumbo ya ng'ombe. Njia nyepesi ni kukaa mezani na kujumlisha. Unachukua mafuta yaliyouzwa, ng'ombe waliohesabiwa, takataka zilizotupwa, unapata jumla. Makisio aliiita jumla hiyo dhana ya mwanzo. Hakuidharau, lakini alijua ni dhana ya watu waliokaa mezani na hawajanusa kitu. Yeye alikwenda kinyumenyume. Kitengo chao kilikuwa na minara minne mirefu, kila mmoja una mrija juu kabisa wa kuvuta hewa na mtambo chini wa kuipima. Makisio alichukua vipimo vya minara, akachukua na upepo ulivyovuma, kisha akaurudisha upepo huo nyuma hatua kwa hatua hadi kule ulikopita, huku akiuliza: ili mnara huu upate hewa ya namna hii leo alasiri, huko nyuma lazima kuwe kumetoka nini, na kiasi gani? Jibu likitofautiana na dhana ya mwanzo, dhana inasogezwa. Isogezwe kwa kiasi gani, hapo ndipo penye kazi, na hapo ndipo Makisio alipoota mvi.

Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, aliielewa kazi hiyo siku ile ile alipoelezwa. Walikaa ghorofa ya nne, katika jengo ambalo ngazi zake zilibeba harufu ya kila jiko. Bibi alisimama mlangoni akavuta pua mara moja tu.

"Vitunguu vimeungua," akasema. "Si kwa mwalimu, mwalimu hapiki saa hizi. Ni kwa yule mshona viatu wa chini, na dirisha lake kalifunga, ndiyo maana harufu yote imetupandia sisi."

"Basi ndiyo kazi yangu hiyo, mama," Makisio akamwambia.

"Na wanakulipa?" bibi akauliza, akaingia zake ndani.

Kitu ambacho bibi hakukielewa, na hakuficha kwamba hakielewi, ni kwa nini binti yake hayupo nyumbani.

Binti huyo alikuwa fundi wa mnara wa mlimani. Yeye na Makisio walikutana kwa ugomvi wa simu. Makisio aliona vipimo vya mlimani vimeruka juu ghafla, akapiga simu kulalamika kwamba mtambo umeharibika. Sauti ya kike ikamjibu kwamba mtambo ni mzima kabisa, na kama yeye ana mashaka, apande aje aangalie kwa macho yake badala ya kusemea kitini. Akapanda. Njia ya gari iliishia mbali, akamalizia kwa miguu, akapanda na ngazi za mnara kwa kiburi hadi juu, akasimama karibu na mrija akihema kama mtu aliyekimbizwa na mbwa. Huko chini, fundi akaona mstari wa hewa ukaa umepanda hadi ukingo wa juu wa karatasi ya mtambo. Akachukua redio ya mkononi.

"Wewe bwana," akasema, "unapumulia mrija wangu."

Kipimo cha saa ile kilifutwa, na hadi leo fundi husema hajawahi kufuta kipimo akiwa na furaha namna ile. Wakaoana. Akazaliwa mtoto wa kike, wakamwita Kadogo kwa kuwa alikuwa kadogo kweli, na fundi akakaa mjini kumlea. Kule mlimani wakapelekwa mafundi wengine. Wa kwanza alishindwa na baridi. Wa pili alishindwa na upweke, akawa anaongea na mitungi ya gesi. Maji yakaingia kwenye mrija, vipimo vikawa vurugu tupu, na mwishowe fundi akaombwa arudi kwa muda tu, mpaka apatikane mtu. Nani asiyeijua hiyo "kwa muda tu"? Kadogo sasa alikuwa darasa la tatu.

Fundi alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, kwa siku chache. Siku ya kwanza alikuwa mgeni jikoni kwake mwenyewe, akiuliza chumvi iko wapi. Kadogo alimzungukazunguka kwa mbali, akamwonyesha madaftari kwa adabu, kama mtoto anavyomwonyesha mkaguzi. Baadaye aibu ikimtoka mtoto, analala juu ya mapaja ya mama yake na kumsimulia habari za shule zisizo na mwisho. Na hapo hapo zamu ya mlimani inawadia. Bibi alikuwa na maneno yake kwa siku hizo za kuagana.

"Binti yangu aliolewa na mnara," alimwambia Makisio. "Wewe ni shemeji tu."

Makisio alicheka, kwa sababu angefanya nini. Lakini alimtamani mke wake, tusizungushe maneno. Hakutamani makubwa. Alitamani ugomvi wa kawaida wa nani ameacha taa inawaka. Alitamani kumkuta sebuleni amelala na miwani usoni. Alitamani siku moja arudi kutoka kazini asiwe na la kumsimulia, kwa kuwa yote ameyaona pamoja naye. Wakizungumza kwenye simu, kila mmoja alileta yaliyo mema, na hakuna ndoa inayoshiba mema matupu.

Basi siku moja asubuhi mkuu wa kitengo, mama mmoja mtulivu asiyepoteza neno, akamwita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Minara minne imetushinda gharama," akasema. "Mwakani tutaendesha mitatu. Nataka unitajie mmoja ambao ukiondoka hatutaumia sana. Sitaki maoni, nataka hesabu."

"Na fundi wake?"

"Atahamia hapa. Meza ya dirishani iko wazi." Mkuu akavua miwani. "Najua mkeo yuko wapi, Makisio. Ningekuwa na mtu mwingine wa kuifanya kazi hii ningempa. Sina."

Makisio alitoka mle akiwa na roho juu. Meza ya dirishani ilikuwa hatua chache kutoka kwake, na juu yake waliweka mashine mbovu ya kuchapa. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshaiondoa mashine ile na kufuta vumbi, na wenzake walipomtazama alijifanya anatafuta waya.

Hesabu ya kazi ile inafanywa hivi. Unaondoa mnara mmoja, unafanya makisio yote upya kwa mitatu iliyobaki, unaangalia umepoteza uhakika kiasi gani. Unaurudisha, unaondoa mwingine. Ule ambao ukiondoka hakuna kinachotikisika, huo ndio wa kufunga. Lakini kuna jambo moja hapo katikati. Kila mnara lazima kwanza uuandikie kosa lake, yaani useme unauamini kiasi gani na kiasi gani huuamini. Mtambo hukosea kidogo tu. Anayekosea sana ni kompyuta yenyewe, inapokadiria upepo, na hakuna mahali inapokosea kama milimani, kwa sababu ramani yake huukata mlima kichwa na kuufanya tuta. Mwanahesabu yeyote angekubali kwamba mnara wa mlimani uandikiwe kosa kubwa kuliko ile mingine. Kubwa kiasi gani? Nambari hiyo anaiweka mwenye hesabu, na ukiiweka kwa uso mkavu hakuna atakayekuuliza.

Makisio akaiweka kubwa. Hakujiambia kwamba anafanya ujanja. Alijiambia anakuwa mwangalifu. Akabonyeza, akasubiri, akanywa chai iliyokuwa imepoa. Kompyuta ikamaliza. Mnara wa mlimani, ulioandikiwa kosa kubwa namna ile, ulikuwa umekosa sauti kabisa: ukiuondoa, hakuna kilichopungua. Wa kufunga ni huo.

Aliitazama skrini mpaka herufi zikaanza kucheza. Akamwona mke wake kwenye meza ile ya dirishani, ameweka begi lake chini na kuvua viatu kimyakimya chini ya meza kama kawaida yake. Akamwona akimfuata Kadogo shule. Akaenda chooni kunawa uso.

Jioni akapiga simu mlimani.

"Huenda mnara wenu ukafungwa," akasema.

"Huenda kiasi gani?" Huyo ndiye mke wa Makisio, hata yeye alikuwa ameambukizwa.

"Kiasi kikubwa. Ukifungwa unahamishiwa hapa. Moja kwa moja."

Akasikika akifunga mlango.

"Kadogo yuko wapi?"

"Anaoga."

"Mwambie akaushe masikio." Kisha akauliza, "Baba Kadogo, hesabu umeifanya wewe?"

"Mimi."

"Haya," akasema. Makisio aliigeuza "haya" hiyo kila upande na hakuweza kujua ndani yake mna nini.

Sasa, kabla hesabu ya namna hiyo haijakabidhiwa, kuna ukaguzi mmoja ambao Makisio alikuwa akiwafundisha vijana wapya kwa ukali. Unalichukua lile kosa uliloliandika, unalilinganisha na tofauti zenyewe, yaani kompyuta ilikadiria nini na mnara ulipima nini. Vitu hivi viwili lazima viendane. Ukisema fulani hukosea shubiri nzima, kisha ukakuta kila siku anakosea upana wa ukucha, basi fulani hana kasoro, wewe ndiye unayemsingizia. Alikuwa akiwaambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, na ukucha akiwaonyesha.

Asubuhi iliyofuata akaufanya ukaguzi. Tofauti za mlimani zilikuwa ndogo. Alizipanga kwa miezi, akazipanga kwa upepo wa kila upande, akatafuta hata mwezi mmoja wa vurugu wa kumwokoa. Hakuupata. Hata wakati wa ukungu, minara mingine ilipokuwa ikiyumba, mlimani palitulia. Kompyuta haikuwa imeukosea upepo wa kule kama alivyojisemea, na mtambo haukukosea kabisa.

Na alijua sababu. Alimjua anayekwenda kutoa maji kwenye mrija kabla hayajaganda, anayebadilisha chujio kabla halijachafuka badala ya likishachafuka, anayeupimisha mtambo kwa mtungi wa gesi ambayo kiasi chake kinajulikana, asiporidhika anaupimisha tena. Nambari zile zilikuwa nadhifu kwa sababu mke wake hakuwa na uvivu hata chembe. Laiti angekuwa mzembe, angekuwa nyumbani. Wazo hilo lilimchoma Makisio hadi akafunga macho pale kitini.

Tena kulikuwa na la bonde. Nyuma ya mlima palikuwa na kinamasi kikubwa, na pembeni yake dampo ambalo miji mitatu ilitupa taka. Upepo wa huko uliufikia mnara wa mlimani tu, minara mingine ilikuwa imeupa kisogo. Dhana ya mezani ilisema bonde lile linatoa methani kidogo. Mnara wa mlimani ulikuwa ukisema mwaka wa pili sasa kwamba ni karibu mara mbili ya hapo. Ukiufunga, bonde zima linarudi kwenye dhana ya mezani, kitengo kinaipamba kwa desimali na kuiita kipimo, na hakuna mtu atakayejua.

Akajaribu katikati. Akalipunguza kosa nusu, akabonyeza. Mnara wa mlimani na ule wa tambarare ikatoka sare, wowote kati ya hiyo miwili ungeweza kufungwa. Sare ni kitu kibaya kumpa mtu mwenye tamaa. Akaenda nayo nyumbani kichwani, akakaa jikoni bila kubadilisha nguo. Bibi alikuwa akichambua maharage kwenye sinia, na akamtazama.

"Mwanangu, si useme tu kwamba ule mnara haufai?"

"Unafaa, mama."

"Unafaa kuliko mtoto kukaa na mama yake?"

Makisio akainama. Alichukua harage moja bovu kwenye sinia, akalitupa.

"Nikisema uongo atajua," akasema.

"Nani? Huyo mkuu wako?"

"Binti yako."

Bibi akatikisa sinia. Alimzaa mwenyewe, alimjua. Akaendelea na maharage yake, na baada ya kitambo akamsogezea Makisio upande wake wa sinia ili naye achambue.

Kesho yake Makisio alilirudisha kosa la mlimani pale ambapo tofauti zenyewe zilisema likae. Alibonyeza haraka, kama mtu anayebandua plasta. Jibu lilikuwa bayana hata mtoto angelisoma. Wa kufunga ni mnara wa tambarare, kwa kuwa hewa yake ilikuwa inaonwa pia na jirani yake, na ukiondoka haukosekani sana. Wa mlimani ukiondoka, bonde zima linabaki gizani. Akampelekea mkuu. Mkuu alisoma, akauliza maswali mawili ya maana, akaridhika. Makisio alipofika mlangoni, mkuu akasema, "Pole." Hakuwa ametarajia pole, na ikamuuma kuliko kama angenyamaza.

Fundi wa tambarare walimwita Mluzi kwa sababu hakuacha kupiga mluzi. Habari zilimfikia kabla ya barua, naye akaja mbio kuiona meza yake. Alikijaribu kiti, akafungua droo zote, akasimama dirishani akiangalia barabara. Mke wake na wanawe walikaa mtaa wa pili tu kutoka hapo.

"Kaka, sijui nikushukuru vipi," akamwambia Makisio.

"Ishukuru hesabu."

"Na nani kaifuta meza vizuri namna hii?"

"Sijui," Makisio akasema. Mluzi akaanza kupiga mluzi. Hakuwa na kosa lolote maskini, mtu mwenye furaha afanye nini, lakini Makisio alitoka nje ya chumba kile na simu mkononi, akashuka ngazi mpaka pale ambapo hapakuwa na mtu.

"Nilitaka nikwambie mimi," akasema mke wake alipopokea.

"Mluzi ametutumia ujumbe mafundi wote. Ameweka na vikaragosi vinavyocheza."

"Samahani."

"Ya nini?" Sauti yake ilikuwa ya kazini, ile isiyo na mikunjo. "Kosa la mnara wangu uliliandika ngapi?"

Akamtajia.

"Sawa kabisa. Na mara ya kwanza?"

Makisio akaegemea ukuta. Angeweza kusema hapakuwa na mara ya kwanza. Akamtajia ile nambari.

Mke wake akacheka, kicheko kifupi. "Toba. Mtu angedhani huku juu nalala."

"Ndiyo maana nililiondoa."

"Umefanya vizuri, baba Kadogo. Ungeliacha, ningekasirika sana. Ningekununia mwezi mzima, na unanijua." Sauti ya kazini ikamtoka. "Lakini ningekununia nikiwa nyumbani."

Makisio alisema tu, "Mama Kadogo."

"Nilijua ni hesabu ya uongo. Ulivyoniambia tu siku ile, nilijua. Nazijua nambari zangu. Na bado nikafunga sanduku."

"Umefunga sanduku?"

"Siku ile ile. Liko hapa karibu na mlango, nalipita kila nikienda kwenye mtambo." Alivuta pumzi. "Nilitamani safari hii ukosee. Mara moja tu."

"Hata mimi nilitamani."

"Haya, ngoja nitoe nguo. Zitajikunja."

Hakukata simu. Aliiweka mahali fulani, kitandani labda, na Makisio akabaki amesimama pale ngazini, simu kaishikilia sikioni kwa mikono miwili. Akaisikia zipu ikifunguliwa taratibu hadi mwisho, halafu hanga za nguo zikirudi kabatini, moja moja.